Kidonge Kabla ya Maziwa

Jumatatu, 6 Aprili 2026

Dada yangu Nasteha,

Mwaka umepita na bado nikiamka nageukia upande wako wa chumba. Kitanda chako tulimpa jirani. Kanga yako ya kijani nimebaki nayo. Haijafuliwa. Ina harufu ya moshi wa mitungi ya maziwa na udi kidogo.

Leo nimeenda kliniki. Nilikuwa nimeahirisha tangu kabla ya Ramadhani. Daktari Mugendi ni kijana wa kutoka Meru, sauti yake ya chini, na hakuniangalia tumbo hata mara moja. Aliuliza magoti. Aliuliza usingizi, pumzi, presha. Akauliza kwetu nani amekufa na alikufa na nini. Nikasema dada yangu mkubwa. Moyo. Alikuwa akijifunga mtandio mbele ya kioo.

Akasema unene wa kiasi changu ni ugonjwa, si uvivu wala laana. Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu aliyesoma! Nilitaka kulia, nikaangalia kalenda iliyo ukutani kwake.

Iko dawa ya kumeza, si sindano. Kila asubuhi, tumbo likiwa tupu, na maji kidogo tu, kisha nusu saa bila kula wala kunywa chochote. Na si ya mwezi mmoja. Ni kama ya presha — unakaa nayo. Ukiiacha, uzito unarudi polepole ulikotoka. Pia nitembee, na nipunguze sukari na samli. Nilikubali yote.

Sababu yenyewe sikumwambia. Nakuambia wewe. Siku ile tulipokuosha, tulishindwa kukugeuza. Ikabidi waitwe wanawake wengine. Mmoja alinong'ona kwamba kuna watu ambao hata wakifa ni kazi kwa wengine. Alidhani hatumsikii. Hooyo alikuwa amekaa mlangoni. Macho ya mama yetu yamefifia, unajua, lakini masikio yake yako sawa. Baada ya maziko alinishika mkono. Akasema, Asli, usinifanye nizike wa pili.

Basi. Ndiyo maana nimeenda.


Jumatano, 8 Aprili

Kidonge cha kwanza. Kidogo! Nilidhani kwa mwili huu watanipa kitu kama jiwe. Bismillahi, funda la maji, nikachukua mtandio nikakimbilia chumba chetu cha maziwa.

Mvua imeharibu njia ya Garbatulla. Jattani, dereva wetu wa maziwa, alifika na pikapu yake imepakwa tope hadi madirishani. Alianza kupiga kelele kabla hajazima injini: Mama Asli, leo nimewaletea maziwa na nusu ya barabara!

Nikaonja, kama kila siku. Fungua mtungi, mimina kidogo kwenye kifuniko, weka ulimini, ngoja. Huu una moshi mzuri. Huu umetiwa maji — mwenye mtungi alaaniwe. Hapana, asamehewe. Huu umeanza kuchacha, weka kando. Wanawake wote wa kikundi hunyamaza nikionja. Hakuna anayemimina kwenye pipa kabla sijasema. Mtungi mmoja mbaya ukiingia, pipa zima linaharibika kabla basi halijafika Nairobi.

Kwanza alikuwa Hooyo anayeonja. Halafu wewe. Sasa mimi. Kuna asubuhi nahisi huu ulimi si wangu, nimeazimwa tu.


Jumapili, 19 Aprili

Hakuna kilichobadilika. Njaa ni ile ile. Inaniamsha kama mtoto.

Natembea mpaka msikiti na kurudi. Watoto wa mtaa wa Chechelesi wananihesabia hatua, moja, mbili, moja, mbili, kama askari wa gwaride. Nikawapungia mkono. Wewe ungewafanyia saluti.

Nimekumbuka ile harusi ya Garbatulla. Kiti kilivunjika chini yako mbele ya watu wote. Hukuinuka. Ulibaki pale pale chini, ukatandaza kanga vizuri, ukaomba chai — kana kwamba ulichagua mwenyewe kukaa hapo. Watu wakaanza kukuletea chai na kukaa chini na wewe. Mwishowe bibi harusi naye akakaa. Mimi ningekufa kwa aibu siku ile.


Alhamisi, 7 Mei

Kliniki. Mizani iko pale pale. Nesi Karwitha aliniambia nishuke, nipande tena. Pale pale.

Daktari hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliuliza taratibu kama kuna siku nasahau. Nikasema hakuna. Kama kuna kitu ninachokula pembeni. Nikasema hakuna. Karwitha aliangalia kalamu yake. Naijua ile namna ya kutazama. Nimeishi nayo tangu nikiwa msichana. Ni ya mtu anayeamini kwamba mnene lazima ni mwongo.

Ameongeza nguvu ya dawa, kama ilivyopangwa. Lakini akasema ikiwa mwili haujibu kabisa, haina maana kuendelea nayo. Tutaangalia tena.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Hooyo akauliza, umepungua? Nikasema kidogo. Nimemdanganya mama asiyeona.


Jumatano, 27 Mei

Idd ya kuchinja. Nimeswali kwenye kiti, nyuma kabisa, na wazee. Wote wanashuka kusujudu, mimi nabaki juu kama mlingoti. Nawaona migongo.

Nilikula nyama kidogo na nyama kavu ya nyirinyiri kidogo. Dahabo, mwenyekiti wa kikundi chetu cha maziwa, akasema mbele ya watu: Leo Asli anatubakishia! Kuna nini? Mwingine akadakia, anajiandaa kwa ajili ya Shuriye wa duka la nguo. Kicheko! Shuriye mwenyewe hana meno ya mbele. Na mimi nikacheka. Kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Idd ya kwanza ya kuchinja bila wewe ilikuwa mwaka jana, lakini siikumbuki. Kwa hiyo ya kwanza naona ni hii.


Ijumaa, 5 Juni

Lazima niandike hii vizuri.

Asubuhi Karwitha alipita kununua maziwa kabla ya zamu. Mkristo wa Meru, lakini amependa maziwa ya ngamia, anasema yanatuliza tumbo lake. Akanikuta nimefungua mitungi ya Jattani. Nimeonja wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akasimama.

— Mama Asli, umemeza dawa saa ngapi?

— Sasa hivi, nikitoka nyumbani.

— Na hiyo ni nini?

— Hii? Hii ni kazi.

— Unameza?

— Nitafanya nini sasa, niyateme? Maziwa?

Akafunga macho. Akasema, Mama, kila siku hivi? Kila siku. Tangu Aprili? Tangu Aprili.

Nasteha, sikujua! Walisema nisile wala nisinywe. Mimi sikula, sikunywa. Nilionja. Hata Ramadhani huwa naonja na kutema kwenye kitambaa, sheikh alituambia zamani haivunji funga kwa mtu wa kazi hii. Kwa hiyo kichwani mwangu kuonja si kula. Halafu Ramadhani ikiisha nameza, kwa sababu nani anatema maziwa bila sababu? Hooyo alitufundisha: maziwa ukiyamwaga unayaomba radhi. Na mitungi mingi, kifuniko kwa kifuniko, ni karibu bilauri nzima. Juu ya kidonge kilichotaka tumbo tupu!

Karwitha alianza kucheka, mimi nikaanza, Jattani akacheka bila kujua sababu. Halafu Karwitha akaacha. Akanishika bega. Akasema, nisamehe, nilifikiri unakula kwa siri.

Hilo tu. Lakini nimelibeba siku nzima kama zawadi.

Sasa nitameza nikiamka kwa swala ya alfajiri. Nikimaliza kuswali na kumpa Hooyo maji yake, nusu saa imepita. Pikapu haiji kabla jua halijatoka.


Jumanne, 16 Juni

Imeanza kazi.

Sijui nielezeje. Ni kama redio iliyokuwa ikilia kwa jirani miaka yote, na leo imezimwa. Nilikula chapati moja ya anjera nikaangalia ya pili. Haikuniita. Nikakaa tu pale na mkono kwenye meza, nikiogopa.

Wewe uliwahi kunisimulia juu ya hiyo redio. Ulisema, Asli, watu wengine wanashiba, mimi naacha tu kula, na ndani bado inalia. Sikuelewa. Nilidhani unafanya mzaha.

Kichefuchefu kipo. Daktari alinionya. Asubuhi hasa. Harufu ya moshi kwenye mitungi — harufu yako — inanipanda kooni. Leo nilionja nikiwa nimeshikilia ukuta.


Jumamosi, 27 Juni

Siku mbaya.

Jana nilipitisha mtungi uliochacha. Ulimi ulikuwa mzito, kila kitu kina ladha ya chuma. Niliona haya kusema sijui, nikasema mzuri. Ukamiminwa. Leo wateja wa Isili, kule Nairobi, wamepiga simu — pipa zima limeganda njiani. Wamelimwaga.

Maziwa ya nyumba zote zile. Mwanamke mmoja wa Kulamawe anatuma mtungi mmoja tu kwa siku, wa ngamia mmoja. Wake pia umo.

Dahabo hakupiga kelele. Aliniita pembeni ya friza. Akauliza, ulimi wako umeenda wapi, abaayo, dada yangu? Nikasema nina homa kidogo. Nyuma yangu nikasikia: Anaisha huyo. Mmeona shingo? Ni ule ugonjwa. Mwingine akasema hapana, ni msiba, msiba unakula watu kuanzia ndani.

Miaka yote nilikuwa mnene wakasema nakula sana. Sasa napungua, wananizika.


Jumatano, 1 Julai

Hooyo amejua.

Nilikuwa namvalisha soksi. Akanishika kifundo cha mkono, akakizungushia vidole, vikakutana. Akakipima tena. Kisha: Mkono huu wa nani?

Wangu, Hooyo.

Akasema hapana, mkono wa mtoto wangu ulikuwa na nyama. Nani hakupi chakula katika nyumba hii? Akaita jirani amletee kikombe cha maziwa, kile kikubwa cha bati. Akanishikia mdomoni mwenyewe, kama tulipokuwa wadogo. Kunywa, nisikie unameza. Nilimeza. Maziwa mengine yakamwagikia magotini mwake.

Nikatoka nje pole pole nisimshtue. Nikatapika nyuma ya choo, na kanga mdomoni.

Niliporudi alikuwa ameelekeza uso mlangoni. Masikio yake, Nasteha!

Ndipo nikamwambia yote, kidonge, kliniki, yule mwanamke na maneno yake siku ya kukuosha. Aliuliza swali moja tu: Nasteha naye angepewa hiki kidonge? Nikasema sijui, Hooyo. Wakati wake sisi hatukuuliza mtu.


Alhamisi, 9 Julai

Mizani imeshuka. Na si kidogo. Karwitha alipiga makofi, wagonjwa kwenye benchi wakaangalia. Presha imetulia. Daktari Mugendi aliniambia magoti yatashukuru kwanza, moyo utashukuru kimya kimya.

Nikamwambia kuhusu ulimi. Alisikiliza, aliweka kalamu chini. Hakuwa amefikiria kwamba kuna mtu anayeishi kwa kuonja. Akasema kichefuchefu kwa wengi hupungua mwili ukizoea. Anaweza kunirudisha kwenye kiwango cha chini, twende polepole zaidi. Ladha je? Itarudi lini? Akasema, Mama, nikikuambia siku, nitakuwa nakudanganya.

Nikauliza, nikiacha? Akasema ladha labda itarudi upesi. Na uzito utarudi, na presha nyuma yake.

Nimempenda kwa kutonidanganya. Lakini nilitaka sana anidanganye.


Ijumaa, 17 Julai

Leo niliweka kiti kando.

Sikupanga. Nilikuwa peke yangu chumbani, alfajiri, nikasikia magoti hayapigi kelele. Nikashuka. Nikashika ukingo wa kitanda, goti moja, la pili. Nikaweka paji la uso chini.

Baridi ya sakafu! Nilikuwa nimeisahau. Nilikaa pale muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Sikuomba chochote. Nilisema tu jina lako na la marehemu baba.

Kuinuka ilikuwa habari nyingine. Hooyo aliuliza kuna nini kimeanguka. Nikasema mimi, Hooyo, lakini kwa kupenda.


Jumatatu, 20 Julai

Mkutano wa maziwa baada ya adhuhuri. Juzi tena mtungi mmoja ulinipita, bahati Dahabo aliunusa kabla haujamiminwa.

Niliwaambia ukweli. Kwamba si ule ugonjwa, si Shuriye. Ni dawa ya unene, na nitaimeza labda miaka mingi. Mmoja akauliza, sasa unene nao ni ugonjwa? Mwingine, mwembamba kama fimbo, akauliza kama yeye atapewa ya kunenepa. Walicheka kidogo, kisha wakaniangalia wote pamoja.

Dahabo alisema: Abaayo, mimi nakupenda, lakini pipa halijui mapenzi. Watu wa Isili wakirudisha lingine wanatafuta maziwa kwingine. Kazi ya ulimi ni ya nyumba yenu tangu mama yenu. Mimi siwezi kuiondoa kwa mdomo wangu. Lakini hakuna mwingine aliyejifunza bado. Kwa hiyo chagua. Acha hicho kidonge mpaka tupate wa kumfundisha. Au tukae bila mwonjaji, tuombe Mungu.

Nikasema kumfundisha mtu huchukua miaka. Akasema najua.

Wamenipa mpaka kesho maziwa yakifika.

Nimekaa na pakiti mkononi. Ni jambo jepesi sana kuacha. Hakuna anayehitaji kuniona. Nikiacha, wiki chache tu nitakuwa Asli wao tena, mwenye ulimi, mwenye nyama, wa kuchekwa Idd. Kila mtu atafurahi. Labda hata mimi. Na sakafu ile nitaiangalia kutoka kitini.

Ungeniambia nini? Najua ungesema kitu cha kunichekesha. Hilo halinisaidii leo.


Jumanne, 21 Julai

Naandika hapa hapa, mlangoni mwa chumba cha maziwa. Pikapu haijafika. Nina kalamu ya Dahabo.

Nilipoamka kwa swala, Hooyo alikuwa amekwishavaa. Viatu pia, ingawa cha kushoto mguu wa kulia. Amekaa kitandani, fimbo magotini. Hajafika hapa kwenye maziwa tangu tulipokuzika.

— Umemeza?

— Bado.

— Kiko wapi?

— Mkononi.

— Meza.

Nikamwambia kuhusu mkutano. Akasema Dahabo ana sauti ya kuita ngamia, mtaa wote umesikia. Kisha akanitafuta kifundo cha mkono, kile kile, akakishika kwa vidole vile vile. Mkono mwembamba nitauzoea, akasema. Kaburi la pili sitalizoea. Meza, tutoke.

Nimemeza mbele yake. Alisikiliza koo langu.

Tulitembea polepole, mimi mbele yake, mkono wake begani kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kumsubiri. Ikawa ni yeye anayesubiri mimi nimalize kujifuta machozi.

Wanawake walisimama alipoingia. Salaam aleikum, aleikum salaam, Mama Nasteha, Mama Nasteha — bado wanamwita kwa jina lako. Amepewa kreti ya kukalia. Dahabo akauliza, Mama, umekuja kutubariki? Hooyo akasema, nimekuja kazini. Nitaonja mimi. Asli atakaa hapa karibu yangu mpaka ulimi wake urudi, na mmoja wenu, mwenye akili, atakaa upande wa pili ajifunze.

Wameangaliana. Mwanamke mmoja akasema kwa upole, Mama, macho yako. Hooyo akasema, maziwa hayaonjwi kwa macho. Wakacheka. Dahabo hakucheka. Akasema, Mama, ni miaka mingi. Na wewe ni mzee. Ulimi pia huzeeka. Hooyo akasema, hilo tutalijua leo.

Nusu saa yangu imepita zamani.

Jattani amefika. Anapiga honi kama bwana harusi. Mitungi inashushwa. Dahabo amefungua wa kwanza, amemimina kwenye kifuniko. Amekishika. Anamwangalia Hooyo, ananiangalia mimi, anaangalia pipa.

Hooyo amenyoosha mkono. Dahabo bado hajampa.

Wanawake wote wamenyamaza, vile walivyokuwa wakinyamaza kwako.

Unikumbuke, abaayo.